Jumla, amali au asubiri VETA? Hesabu niliyompigia mpwa wangu

Dada yangu kanipigia simu saa tatu usiku, na dada yangu akipiga saa hizo ujue kuna jambo. Mwanae wa kike anamaliza darasa la saba, kuna mtu kanisani kamwambia achana na sekondari za kawaida mpeleke mtoto amali, mwingine pale pale kamwambia we mama amali ni ya waliofeli, shemeji naye anataka daktari na hataki kusikia kingine, basi kachanganyikiwa. "Mdogo wangu we ndo umepita VETA, niambie ukweli." Nikamwambia dada nipe wiki moja nizunguke. Haya ndo niliyomrudishia, nayaweka hapa maana najua sio yeye peke yake anayeulizwa na kujiuliza.

Kwanza tuwekane sawa, maana watu wanachanganya madude. Sekondari saivi ina mikondo miwili, hii ni kutokana na ile sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 na mitaala iliyoanza Januari 2024. Mkondo wa jumla ndo ule tunaoujua wote, fizikia, jografia, historia, hesabu, kidato cha nne mtihani wa NECTA, baraza la mitihani. Mkondo wa amali mtoto anasoma masomo machache ya darasani (hesabu na kingereza hayakimbiliki, biashara imo, historia ya Tanzania na maadili imo) halafu muda mwingine anashika fani, umeme, ujenzi, ushonaji, kilimo, mapishi, kompyuta, inategemea shule ina nini. VETA ni kitu kingine kabisa, ni chuo cha ufundi, ipo kwa sheria ya 1994, unaenda baada ya shule na wengine wanaenda hata na darasa la saba. Kwaiyo mtu akikwambia "amali ndo VETA" mwambie hapana, amali ni sekondari, mtoto anavaa yunifomu na anafanya mtihani wa kidato cha nne kama wenzie.

Af kitu kingine. Kama unasubiri TAMISEMI (ofisi ya serikali inayopanga watoto shule) ikupangie, chaguo lako ni dogo, unaona jina la mtoto kwenye orodha na jina la shule basi. Kuchagua kwenyewe kunakuja kama una hela ya binafsi, au unaomba uhamisho, au mtoto akifika kidato cha nne anajaza Selform, fomu ya kuchagua masomo na chuo cha baadae. Dada yangu ana akiba kidogo ya kikundi, ndo maana swali likawepo.

Mimi mwenyewe nilipitaje

Nilisoma jumla, miaka ile hakukuwa na lingine. Nikapata divisheni foo ya pointi 27. Fizikia nilikariri V ni sawa na I mara R na swali la hivyo nikipewa napata, lakini ukinipa testa nisingejua naishika wapi. Nikakaa nyumbani, mjomba mmoja akanipeleka chuo cha VETA, na wiki ya pili tu mwalimu akatuweka mbele ya bodi akasema hii laini, hii nyutro, hii athi, ukizichanganya unakufa au unaunguza nyumba ya watu, kwa Kiswahili kabisa, na kila kitu nilichokariri miaka minne kwa kingereza kikakaa mahali pake kichwani ndani ya siku moja. Nilikasirika kweli siku ile. Miaka minne!

Kwaiyo nilipoanza kuzunguka nilikuwa na upande tayari, nilikuwa naenda kumwambia dada "amali, usifikirie mara mbili." Nikabadilika njiani na ntaeleza kwa nini.

Amali kwenye karatasi

Kwenye karatasi amali ni tamu. Mtoto akimaliza kidato cha nne mpango ni awe na vyeti viwili, cha NECTA na cha ufundi kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Yani umri wa miaka 17 au 18 ana cheti ambacho mimi nilikipata nikiwa na 22, na hajapoteza sekondari. Akitaka kuendelea njia ipo, ngazi za ufundi zinaungana na ngazi za diploma, mtu mwenye NVA (cheti cha ufundi stadi) daraja la tatu anaweza kuingia NTA (ngazi za vyuo vya kati) daraja la nne akapanda mpaka diploma na digrii. Sio njia iliyokufa kama watu wa pale kanisani wanavyodhani.

Na usidharau hicho cheti. Kwenye umeme kuna leseni za EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, huna cheti hupewi. Najua mafundi wazuri kunizidi mimi, wanafanya wairingi nyumba nzima peke yao, ikifika kuomba umeme TANESCO mchoro unatakiwa uwe wa mkandarasi mwenye leseni, basi jamaa anazunguka mjini kumtafuta mwenye muhuri amlipe agonge. Kazi kafanya yeye, hela nzuri kala wa muhuri. VETA wana utaratibu wa kuwapima mafundi wa mtaani na kuwapa cheti kwa ujuzi walionao tayari, ni mzuri, lakini wengi wanakumbuka wakiwa na miaka 40.

Sasa tatizo la amali ni moja, ni mpya. Walioanza kidato cha kwanza Januari 2024 wanafika kidato cha nne 2027, kwaiyo kabla ya hapo hakuna mtu wa kukwambia "mimi nimesoma amali nimeajiriwa hapa". Na sisi wazee kidogo tunakumbuka, au tumesimuliwa, ile michepuo ya miaka ya sabini, sekondari ya kilimo, ya ufundi, ya biashara, sayansi kimu, Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na maana kubwa tu. Shule nyingi zikabaki na jina la mchepuo na shamba la mahindi la kuadhibia watoto. Kenya nao 8-4-4 ilipoanza 1985 ilikuja na useremala na ushonaji, baadae gharama zikawashinda masomo yakapunguzwa, leo wanajaribu tena kwa staili nyingine, mtoto anachagua njia akiingia gredi ya kumi na wa kwanza wameingia Januari 2026. Angalau kule wanachagua wakiwa na miaka 15 au 16, huku kwetu mtoto wa miaka 13 unamuuliza anataka kuwa nani, mi wa 13 nilitaka kuwa kondakta wa daladala.

Twende shuleni sasa

Nikaenda shule mbili. Ya kwanza ya binafsi, ina amali, fani tatu, umeme, ushonaji na kompyuta. Sitaitaja. Meneja kanipokea vizuri, shikamoo za watoto kila kona, soda ya baridi, akanipeleka karakana ya umeme. Ukutani kuna bodi kubwa ya mbao, imefungwa taa mbili na swichi za njia mbili, breka, soketi, paipu zimekunjwa kona safi mpaka nikaona wivu. Dada angeiona angelipa ada siku hiyo hiyo.

Mimi nikaangalia skrubu. Bodi ya kufundishia wairingi inafungwa na kufunguliwa kila wiki na vitoto visivyojua kushika bisibisi, vichwa vya skrubu vinatakiwa viwe vimechubuka mpaka unaona aibu, pale VETA kwetu kuna skrubu zilikuwa zimeisha mdomo kabisa tunazifungulia plaizi. Hizi zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani, na juu ya breka kuna vumbi. Nikamuuliza meneja, vipande vya waya mnatupa wapi? Akanishangaa. Waya ukikata vinabaki vipande, vya nusu shubiri, vya kidole, darasa la watoto 30 wakifanya vitendo mwezi mmoja unapata ndoo nzima. Hakukuwa na ndoo. Hakukuwa na kipande hata kimoja chini. Yani ile bodi ni picha.

Chumba cha pili ushonaji, na hapa nikanyamaza. Gunia la vipande vya vitambaa limejaa linamwagika, nyuzi zimetapakaa sakafuni, cherehani moja imefunguliwa tumbo binti anaitengeneza mwenyewe, mwalimu wa kike ana tepu shingoni na hakusimama kunisalimia maana alikuwa anapima bega la mtoto. Hakuna mtu aliyeniambia kitu lakini nikajua hapa watoto wanashona. Shule ile ile, meneja yule yule, fani moja ipo na nyingine haipo.

Kompyuta sikuonyeshwa, ufunguo alikuwa nao mtu aliyesafiri.

Shule ya pili ni ya kata, ya serikali, jumla tupu, mtoto angepangwa hapo hata asipohangaika, kutembea dakika 20 toka nyumbani. Nilienda kwa kutimiza tu wajibu. Kumbe wana mwalimu kijana wa somo la kompyuta, na somo hilo sio shule zote za jumla wanalo, hiyo lazima uulize. Chumba kina kompyuta 20 na zinazowaka 11, watoto wawili wawili kwa moja, intaneti hakuna, mwalimu anashusha vitu usiku kwa bando lake anakuja navyo kwenye flashi. Ratiba imebandikwa mlangoni kwa kalamu ya wino, kila darasa na siku yake. Nikakaa kwenye moja nikaangalia kibodi. Herufi A imefutika kabisa, haipo, na I inaelekea huko. Nikaangalia ya jirani, vilevile. Watoto wanaandika Kiswahili pale, na Kiswahili kinakula A kuliko herufi yoyote.

Mtoto mwenyewe je

Hapa ndo tunasahau sote. Mpwa wangu hajawahi kuonyesha hamu ya umeme wala cherehani. Anachofanya, tena bila mtu kumfundisha, anatengeneza kadi za michango ya harusi na sendoff kwenye simu ya mama yake. Jirani anakuja na picha ya maharusi, yeye anapanga maandishi, rangi, namba za wahasibu, anatoza elfu mbili. Nilipomuuliza akanijibu, "shikamoo mjomba, hivi huko amali kompyuta wanafundisha kutengeneza vitu au wanafundisha sehemu za kompyuta?" Swali la miaka 13 hilo. Nimekaa na watu wazima wizarani hawaulizi hivyo (nilienda kufunga feni).

Na jibu la ukweli ni kwamba inategemea mwalimu, sio mkondo. Unaweza ukawa jumla ukafundishwa kutengeneza, unaweza ukawa amali ukakariri "kibodi ni kifaa cha kuingiza taarifa" mpaka kidato cha nne.

Sasa hesabu yenyewe

Miaka. Jumla halafu kidato cha tano na sita halafu chuo kikuu, toka leo hesabu miaka 9 au zaidi, ni ndefu lakini ndo njia ya daktari, mwanasheria, mhandisi wa digrii, na kidato cha tano siku hizi tahasusi (michanganyo ya masomo) ni 65, sio zile PCM, PCB na HGL tu tulizozijua, ila unahitaji krediti tatu na sio utani. Jumla halafu diploma moja kwa moja, mathalani DIT (taasisi ya teknolojia ya Dar) au chuo cha ufundi Arusha, miaka 4 na 3, hii njia wazazi wanaidharau sijui kwa nini wakati mtu anatoka na diploma umri ambao mwenzie wa fomu siksi bado yuko mwaka wa kwanza au wa pili chuo, na toka 2023/24 bodi ya mikopo inakopesha hata baadhi ya kozi za diploma. Jumla halafu VETA, miaka 4 na 2 au 3, ndo niliyopita mimi. Amali miaka 4 na cheti mkononi, kama kila kitu kitaenda kilivyopangwa.

Hela. Serikali ada hakuna mpaka kidato cha nne toka 2016, na tano na sita toka 2022, michango ipo, tusidanganyane. VETA kwa muda mrefu kozi ndefu imekuwa elfu 60 kwa mwaka kwa kutwa na laki na ishirini bweni, yani karibu na bure, ila ongeza overoli, buti, vifaa vyako, na ujue nafasi ni chache kuna usaili. Kozi ndefu zinaanza Januari na fomu zinatoka miezi kadhaa kabla, kwaiyo mtoto anayemaliza mtihani wa Novemba ndo aanze kuuliza kashachelewa, nimeona wengi wanapoteza mwaka mzima hivyo. Amali ya binafsi ni mamilioni. Ukilipa mamilioni kwa bodi yenye skrubu zinazong'aa ujue umenunua picha.

Kubadili mawazo. Hapa jumla inashinda na nalikubali ingawa linaniuma. Mtoto wa jumla akifika kidato cha tatu akasema anataka umeme, VETA inamsubiri. Mtoto wa amali ya ushonaji akisema kidato cha tatu anataka udaktari, bailojia na kemia hana, atazunguka sana. Kama mtoto hajajijua bado, na wengi hawajajijua, usimfungie mlango akiwa na 13.

Ila kuna mtoto ambaye ningempeleka amali kesho asubuhi. Yule anayeshinda gereji ya jirani, anayefungua redio na kuirudisha ikaimba, darasani anasinzia, kila ripoti "aongeze bidii". Huyo jumla inamuharibu, inamfundisha miaka minne kwamba yeye ni mjinga. Mi nilikuwa huyo. Mtafutie amali, lakini nenda karakana ya FANI ANAYOTAKA, sio shule kwa ujumla, na uende siku ya vitendo bila kutoa taarifa, uangalie takataka. Waya, maranda, vitambaa, unga uliomwagika, vyuma vilivyochomelewa vibaya vikatupwa. Kama hakuna takataka hakuna vitendo. Uliza vifaa vinavyoisha ananunua nani na mara ngapi kwa muhula, maana mashine inanunuliwa mara moja na mgeni rasmi anakata utepe, waya na uzi vinaisha kila wiki na hakuna utepe. Kama kwenu hakuna amali ya maana, vyuo vya maendeleo ya wananchi viko 54 nchini, tulikuwa tunaviona vya akina mama watu wazima, nenda kaviulizie, vingine vina karakana kuliko hizo binafsi, na serikali inaendelea kujenga VETA kwenye wilaya ambazo hazikuwa nazo.

Na kama mwanao yuko nyuma ya huyu mpwa wangu, jua kwamba kwa kuwa msingi inapunguzwa iwe miaka sita, darasa la sita na la saba wanamaliza pamoja 2027, kidato cha kwanza 2028 kitakuwa na vikosi viwili kwa mpigo, mabenchi na karakana zitagombaniwa, anza kuzunguka mapema.

Nilichomwambia dada

Shule ya kata. Jumla, na ile kompyuta yenye A iliyofutika. Akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limeisha. Alikuwa ameshajiandaa kutoa hela, na mtu akijiandaa kutoa hela ukimwambia cha bure ndo kizuri anahisi unamdharau mtoto wake. Nikamwelezea skrubu, nikamwelezea gunia la vitambaa, nikamwambia angekuwa anataka kushona ningekwambia lipa leo leo. Likizo atafute kozi fupi, VETA wanazo, wiki chache, mambo ya picha na michoro ya kompyuta, hela ya akiba iende huko. Akifika kidato cha pili tunakaa tena, kama mwalimu yule kijana kahamishwa, na walimu wazuri wanahamishwa haraka kweli, tunafikiria upya.

Shemeji kafurahi, anadhani nimemtetea daktari wake. Nimemuacha hivo hivo.

Dada kauliza, kwaiyo ile overoli niliyokwisha agiza kwa fundi niirudishe? Nikamwambia irudishe, hela hiyo mnunulie flashi, kubwa.